Laptopu bubu: kila ukimya una mwaka wake

Ndugu wahitimu, na ninyi mlio bado masomoni, kuna swali moja ambalo watu walioweka Linux kwenye mashine ya okazi hawachoki kuliuliza: picha iko, Wi-Fi inashika, lakini sauti hakuna. Jibu la haraka ni lile tunalolijua sote, eti "rudisha Windows." Mimi nataka tupite njia ndefu kidogo, ya historia. Sauti ya Linux haikujengwa siku moja wala na mtu mmoja, na kila namna ya kunyamaza ina mwaka wake. Kwa aliye Goma hilo ni jambo la kupendeza tu. Kwa mwalimu au muuguzi aliye Kibua, upande ule wa Masisi na Walikale, ni jambo la lazima. Pale ambapo rezo ni kitu cha kutafuta na chaji ya betri inahesabiwa, huwezi kujaribu amri ishirini za watu ukitumaini moja itashika. Lazima ujue tatizo liko tabaka gani.

Tuanze 1991. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, anatoa Linux, na mwanzoni haisemi neno. Mwaka 1992 Mfini mwenzake, Hannu Savolainen, anaandika draiva ya kadi ya Sound Blaster. Kazi hiyo ikakua, ikaitwa OSS. Ilikuwa rahisi kweli: sauti ni faili, programu inaandika ndani yake, spika inalia. Ila kwenye kadi nyingi ni programu moja tu iliyoweza kulishika faili lile kwa wakati mmoja. Ukifungua muziki, nyingine zote zinangoja mlangoni.

Halafu ikaingia pesa. Savolainen na mwenzake walikuwa wakiuza toleo lililo bora zaidi kupitia kampuni ya 4Front Technologies, na lile la bure likabaki nyuma. Siwalaumu, kila mtu anakula kwa kazi yake. Lakini watu hawakupenda kuona kitu cha wote kikigawanyika hivyo. Mcheki Jaroslav Kysela, aliyekuwa ameanza kwa kuandika draiva ya kadi yake ya Gravis UltraSound, alianzisha ALSA mwaka 1998. Desemba 2003 Linux 2.6 ikatoka na ALSA kama njia rasmi. 4Front walipofungua msimbo wao mwaka 2007, lori lilikuwa limeshaondoka.

ALSA ilituachia desturi moja: chaneli zilianza zikiwa zimefungwa. Siku hizi mifumo mingi inazifungua yenyewe, ila si zote na si kila mara. Kwa hiyo, kabla ya kulia, fungua terminali uandike alsamixer. Ukiona MM chini ya nguzo ya Master au Speaker, bonyeza M. Kuna watu walioshabadilisha mfumo mzima kwa sababu ya herufi hizo mbili, bana.

Mwaka 2004 ulikuwa na mengi. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, jina ambalo sisi wa "utu" hatuhitaji kutafsiriwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa OpenOffice ya Kiswahili. Lennart Poettering, Mjerumani, alianza programu ambayo baadaye iliitwa PulseAudio, ya kuchanganya sauti za programu zote. Fedora iliipokea Novemba 2007, Ubuntu Aprili 2008, na makelele yakawa makubwa kuliko muziki. Sauti zilikatika, zilikwaruza, watu wakamtukana. Kwa maoni yangu alionewa kiasi. PulseAudio ilitumia uwezo wa kadi ambao karibu hakuna aliyekuwa ameugusa, na makosa ya zamani ya draiva yakatoka nje mchana kweupe.

Lakini jambo la 2004 linalokuhusu zaidi ni kwamba Intel ilitoa kanuni ya HD Audio, na laptopu nyingi zikaifuata. Kanuni ni moja, waya ni za kila kiwanda. Chipu ile ile ya Realtek, kiwanda hiki kinaunganisha spika kwenye pini hii, kingine kwenye pini ile, na BIOS haisemi ukweli wote. Draiva ya Windows inakuja ikiwa imeambiwa. Linux haikuambiwa na mtu, ikalazimika kujifunza mashine moja moja. Ndani ya msimbo wake kuna orodha ndefu ya vighairi: modeli hii, fanya hivi. Takashi Iwai wa SUSE ameitunza kazi hiyo kwa miaka mingi. Nyingi ya mistari hiyo ilianza kwa mtu aliyekuwa na laptopu bubu akakubali kutuma maelezo yake. Ndiyo maana kerneli mpya mara nyingine inaponya mashine bila wewe kufanya lolote.

Niruhusuni nitoke barabarani kidogo. Chipu hizo zimeshikiliwa na risasi ya kulehemu ambayo sehemu yake kubwa ni bati, na kwenye bodi nyingi kuna kapasita za tantalamu. Bati inachimbwa Bisie, Walikale. Koltani inachimbwa Rubaya, Masisi. Sisemi mashine yako ina jiwe la kwetu. Nasema tu kwamba madini yanapata njia ya kutoka huku kwa urahisi kuliko draiva zinavyopata njia ya kuingia.

Turudi. Tangu Fedora 34, Aprili 2021, PulseAudio imekuwa ikiachia nafasi PipeWire ya Wim Taymans. Hiyo inaongea lugha ya PulseAudio, kwa hiyo programu hazikujua kwamba zimehama. Tatizo la leo liko chini zaidi. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni zinahitaji firmuwea ya SOF, na kabla ya Debian 12, ya Juni 2023, diski rasmi ya Debian haikuwa nayo. Matokeo yake ni "Sortie factice" kwenye mipangilio ya sauti.

Basi, andika aplay -l. Kadi ikionekana, tafuta juu: MM, au sauti inayotumwa HDMI badala ya spika. Isipoonekana, beba paketi ya firmware-sof-signed kwenye ufunguo wa USB ukiwa bado mjini. Kama umeshafika Kibua bila hiyo, weka mstari huu kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, jina lake liishie na .conf:

options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1

Washa upya. Mara nyingi spika zitarudi. Maikrofoni ya ndani huenda ikabaki bubu, kwa hiyo kwa mahojiano ya kazi chukua ya waya.