Kwa nini kompyuta hulikosa jina lenye ritifaa

RITIFAA, ile alama ndogo iliyomo katika neno ng'ombe na katika majina kama Nyong'o, ni miongoni mwa mambo yanayowasumbua wanaojifunza kuandika programu za kompyuta. Ikishughulikiwa vibaya, mwanafunzi huweza kukosa jina lake katika orodha, na taasisi ikalipa zaidi kwa ujumbe mfupi wa simu.

Chanzo ni kwamba kompyuta haitambui herufi, bali namba. Mpangilio wa ASCII, uliochapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1963, una nafasi 128 tu. Humo A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97. Kiswahili cha herufi za Kilatini kilienea humo, lakini kile cha herufi za Kiarabu, kama tenzi za kale za Lamu na Pate, hakikupata nafasi. Pengo hilo lilizibwa na Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991.

Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Kwa nini majina mawili yanayofanana huonekana tofauti?

Ritifaa ina sura mbili. Iliyonyooka ina namba 39, na iliyopinda, ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe, ina namba 8217. Jina likihifadhiwa kwa moja na kutafutwa kwa nyingine, halitaonekana. Vivyo hivyo "Juma" na "juma" si neno moja kwa kompyuta. Dawa ni kusawazisha maandishi kabla ya kuyahifadhi na kabla ya kuyalinganisha.

Neno ng'ombe lina urefu gani?

Lina alama 7, ritifaa ikiwemo. Hata hivyo, katika UTF-8, utaratibu uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, alama moja huchukua baiti 1 hadi 4. Ritifaa iliyonyooka huchukua baiti 1, na iliyopinda 3. Hivyo neno hilo huwa na baiti 7 au 9. Anayehesabu baiti akidhani anahesabu herufi huweza kulikata neno katikati ya alama.

Ujumbe wa simu unahusikaje?

Ujumbe mmoja hubeba baiti 140, zinazotosha alama 160 za mpangilio wa kawaida wa simu. Ritifaa iliyopinda haimo katika mpangilio huo. Ikiingia hata mara moja, ujumbe wote huandikwa kwa baiti 2 kwa kila alama, na nafasi hushuka hadi 70. Ujumbe wa alama 150 hugawanywa sehemu tatu, kwa kuwa kila sehemu ya ujumbe uliogawanywa hubeba alama 67 tu. Anayetozwa kwa kila sehemu atalipa mara tatu.

Je, namba ya simu ni namba?

La. Ikihifadhiwa kama namba, sufuri ya mwanzo hupotea. Ihifadhiwe kama maandishi, kwani haijumlishwi wala haizidishwi. Kinyume chake, kiasi cha fedha kisihifadhiwe kama maandishi, kwa sababu "10" itapangwa kabla ya "9".

Kwa nini programu hukwama mtu anapojiandikisha?

Katika lugha ya SQL, ritifaa iliyonyooka huonyesha mwanzo na mwisho wa maandishi. Jina likibandikwa moja kwa moja ndani ya amri, kompyuta hudhani limeishia kwenye ritifaa. Mlango huo huo hutumiwa na wahalifu kupenyeza amri zao katika kanzidata. Kuzuia ritifaa si suluhisho, kwani huwanyima watu majina yao halali. Njia sahihi ni kuipeleka amri peke yake na jina peke yake, ili jina lisisomwe kamwe kama amri.

Kabla ya kukabidhi kazi, mwandishi wa programu ajaribu majina yenye ritifaa, yenye nafasi katikati na yenye herufi za Kiarabu.