Mantra za Kihindu: ibada iliyokaa jirani nasi tangu zama za Seyyid Said



Bibi harusi akikaa ndani na singo lake siku hizi, huwekewa na sauti za kutuliza kwenye simu. Hata huku Ushirombo ninakoshona magauni ya harusi nimezisikia: mtu mwenye sauti nzito anarudia maneno yale yale, filimbi inamfuata nyuma, na chini imeandikwa kuwa ni sauti ya uponyaji na amani. Wengi hudhani ni muziki tu. Kumbe ni mantra, maneno ya ibada ya Wahindu kwa lugha ya Sanskriti, na wenyewe wameishi nasi muda mrefu.

Mantra za kale kabisa zimo katika Veda, vitabu vitakatifu vya Wahindu. Naviita vitabu, lakini kwa karne nyingi vilikaa vifuani mwa watu. Mwalimu alimsomesha kijana neno kwa neno, kisha wakayarudia maneno yale mbele na nyuma ili isipotee hata herufi moja. Sisi tunaojua hifdhi hatuna haja ya kuelezwa ugumu wa kazi hiyo. Veda ya nne, iitwayo Atharvaveda, ina maneno mengi ya kumsomea mgonjwa wa homa na kikohozi. Na anayerudia mantra hodari huhesabu kwa uzi wa shanga 108, tukiona tungesema ameshika tasbihi.

Muislamu aliyetueleza haya mapema ni Al-Biruni. Alijifunza Sanskriti, na kufikia mwaka 1030 hivi akawa ameandika kitabu kizima juu ya India, akiwaeleza Wahindu kama wanavyojieleza wenyewe, bila matusi. Aliandika kwamba Veda ilikuwa mali ya matabaka ya juu. Wa chini hakuruhusiwa hata kuisikia, sembuse kuisoma.

Wanawake nao, kwa karne nyingi, walifungiwa mlango huo. Mama wa Kihindu aliwasha taa, akapanga maua, akafunga saumu kwa ajili ya mumewe, lakini maneno ya Veda yalitamkwa na mwanamume. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1875, Swami Dayananda Saraswati alipoanzisha Arya Samaj mjini Bombay. Alifundisha kwamba Veda ni ya kila mtu, mwanamke akiwemo, na wafuasi wake wakajenga shule za wasichana. Mwaka 1903 Arya Samaj ilikuwa imefika Nairobi, na Zanzibar ikapata ya kwake.

Lakini Unguja mantra zilitangulia. Seyyid Said alipohamishia makao yake kisiwani, Mabanyani wa kabila la Bhatia kutoka Kutch walikuwa tayari wanafanya biashara naye tangu Maskati. Kampuni ya Jairam Shivji ilishika ushuru wa forodha kwa miongo kadhaa, na nguo nyingi zilizovaliwa bara zilipitia mikononi mwao. Kwa muda mrefu wanaume hao walikuja bila wake zao. Sultani Muibadhi aliwaachia waabudu watakavyo, na mpaka leo ukipita Hurumzi utaliona hekalu lao. Dar es Salaam mahekalu yako Mtaa wa Kisutu, jina lile lile la kanga ya bibi harusi! Hata liwa tunayojipaka, wao huitumia kwenye ibada.

Tumejua duka la Banyani, tukajua kitambaa chake na bei yake, dua yake hatukuiuliza.

Je, inaponya? Mwaka 2001 watafiti walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza uchunguzi wa watu 23. Waliposoma rozari ya Kikatoliki kwa Kilatini, au mantra, pumzi zao zilishuka hadi sita hivi kwa dakika, na mapigo ya moyo yakatulia kwa mpangilio. Yaani utulivu upo, na sehemu yake inatokana na kuvuta pumzi polepole. Malaria haiondoki hivyo, nenda hospitali.

Mimi siweki mantra dukani kwangu, na sababu yangu ni heshima kwa pande zote mbili. Gayatri, inayojulikana kuliko zote, humwelekea Savitr, mungu wao wa jua. Mahamrityunjaya, wanayowasomea wagonjwa, humwelekea Shiva. Kwao ni dua, na dua ya mtu haifanywi kelele za kusugulia singo. Nasi tunayemwomba tunamjua. Kuwatukana pia tumekatazwa. Soma Al-An'am, aya ya 108.

Kwa hiyo somo akikuletea simu yenye sauti za utulivu, tazama jina kwanza. Ukiona Om, Gayatri au Mahamrityunjaya, hiyo ni mantra. Mwambie akuwekee mvua au mawimbi, au mzime simu mkalete nyiradi za jioni pamoja.