Talanta Tano za Korintho

Mwaka 431 KK, katika tamasha la Dionysos mjini Athens, Euripides alimpandisha jukwaani mama aliyewaua wanawe wawili ili kumkomoa mume aliyemwacha na kuoa binti wa mfalme. Waamuzi hawakupendezwa. Kati ya watunzi watatu walioshindana mwaka huo, Euripides alishika mkia.

Mtunzi alishindwa, Medea wake akatamba. Leo likitajwa jina hilo, watu hukumbuka kisu na watoto. Ila Wakorintho walikuwa na habari nyingine. Msafiri Pausanias, aliyeandika katika karne ya 2 BK, anasimulia kuhusu kaburi la watoto hao mjini Korintho, na kwamba waliowaua, kwa mawe, walisemekana kuwa Wakorintho wenyewe. Wapo wafafanuzi wa kale waliodai hata kwamba Wakorintho walimhonga Euripides talanta tano ili mzigo wa damu autwike mama. Uvumi huo una kila dalili ya umbea wa watu wa fasihi, ambao ni mkongwe kama fasihi yenyewe. Hata hivyo, unaonyesha kuwa watu wa kale walijua mtunzi anaweza kuigeuza hadithi, na wakajiuliza kwa faida ya nani.

Kwa hiyo mwandishi Mjerumani Christa Wolf, alipotoa mwaka 1996 riwaya ambamo Medea hana hatia na wauaji ni umati wa Korintho, hakukivunja kisasili. Aliokota toleo ambalo umaarufu wa Euripides ulikuwa umelifunika.

Jambo hilo husahaulika kila maduka ya vitabu ya London au New York yanapojaa riwaya mpya kuhusu wanawake wa visasili kama Ariadne na Medusa, na mtu akalalamika kwamba waandishi wa siku hizi wanachezea urithi. Wagiriki hawakuwa na msahafu wa miungu yao. Euripides huyohuyo, mwaka 412 KK, alimleta jukwaani Helen, yule anayesemekana kusababisha vita vya Troy, ila huyu hakuwahi kukanyaga Troy: kilichokwenda huko ni kivuli chake tu, mwenyewe yuko Misri anamngoja mumewe. Miaka kumi ya vita kwa ajili ya kivuli! Na hata wazo hilo si lake. Mshairi Stesichorus alimtangulia kwa zaidi ya karne moja.

Anayestahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni mateka Briseis. Katika Iliad ya Homer, mashujaa wa Kigiriki Achilles na Agamemnon wanagombana juu yake, na ugomvi huo unazaa utenzi wenye mishororo zaidi ya 15,000. Mwenyewe anafumbua kinywa mara moja tu, katika kitabu cha 19, akiulilia mwili wa Patroclus, rafiki wa Achilles, kwa mishororo 14. Katika kilio hicho anataja mumewe na ndugu zake watatu wa tumbo moja, wote waliouawa, na jinsi Patroclus alivyombembeleza kwa ahadi ya kumfanya mke halali wa Achilles, yaani wa mtu yuleyule aliyemuua mumewe. Baada ya hapo Homer anashika njia yake.

Waandishi hawakuachia hapo. Ovid wa Roma, enzi za Kaisari Augusto, alimwandikia Briseis barua nzima ya kumlaumu Achilles kwa kumwachilia kirahisi. Pat Barker, Mwingereza aliyejijengea jina kwa riwaya za Vita Kuu ya Kwanza, akampa kitabu kizima mwaka 2018, The Silence of the Girls. Humo kambi ya Wagiriki inaonekana kutoka upande wa mateka: panya, tauni, wanawake wanaofuma kutwa na kumimina divai usiku mbele ya wanaume waliowafanya wajane.

Margaret Atwood wa Canada alilenga kwingine. Katika kitabu cha 22 cha Odyssey, Odysseus akishawamaliza wachumba waliokuwa wakimposa mkewe, wajakazi 12 wanaamriwa kwanza wabebe maiti na kuosha meza na viti kwa maji na sponji. Ndipo mwanawe Telemachus anapowanyonga kwa kamba ya merikebu. Usafi kwanza, kifo baadaye. Katika The Penelopiad, ya mwaka 2005, wajakazi hao wanarudi kama kundi la waimbaji, wanayakatiza masimulizi ya bibi yao Penelope, wanafika hadi mahakamani, na Penelope mwenyewe hatoki safi.

Wakati mwingine Troy imekuwa njia ya kusema yasiyosemeka. Wolf alichapisha Kassandra mwaka 1983 akiwa Ujerumani Mashariki, wakati makombora ya nyuklia yalielekezana pande mbili za Ulaya. Mwanamke wa Troy anayeona maangamizi na haaminiki hakuhitaji maelezo mengi. Riwaya yenyewe ilipita kwa wadhibiti. Mihadhara iliyoandamana nayo ndiyo iliyokatwa baadhi ya vifungu katika toleo la nyumbani.

Si kila kitabu katika wimbi hili kina uzito huo. Vingi humchukua mwanamke wa kale, humvika mawazo ya mwanaharakati wa leo, basi. Ukibadilisha majina huoni tofauti.

Madeline Miller, Mmarekani aliyewahi kufundisha Kilatini na Kigiriki shuleni, hakujiruhusu ulegevu huo. Katika Circe, ya mwaka 2018, msomaji anaweza kuguna pale mchawi huyo anapoishia na Telemachus, mtoto wa mpenzi wake wa zamani, Odysseus. Ndoa hiyo haikubuniwa Marekani. Ilikuwamo katika Telegonia, utenzi wa kale uliopotea na kubaki muhtasari tu, ambamo Telegonus, mwana wa Odysseus na Circe, anamuua baba yake bila kumjua, kisha anamwoa Penelope, naye Telemachus anamwoa Circe. Miller alichukua ndoa moja, akaiacha ile nyingine, na kumfanya Penelope ajifunze uchawi.