Mafunjo ya Ziwa na Umri wa Misahafu

Ukitoka Kisumu mjini ukashika njia ya Dunga, utayaona mafunjo yamesimama ukingoni mwa ziwa, marefu kuliko mtu mzima. Wajaluo huyaita togo, na husuka mikeka kwayo. Huenda umeyapita mara nyingi usidhani kwamba yana neno lo lote la kumfaa mwanafunzi wa historia. Walakini mmea huo ndio waliotengenezea Wamisri karatasi zao za kale, na karatasi hizo zimewasaidia wataalamu kukadiria umri wa misahafu ya kwanza ya Waislamu.

Maji ya ziwa letu hutokea Jinja, yakafuata mto Nili mpaka Misri. Huko, karibu na mwaka 641, Amr ibn al-As aliujenga mji wa Fustat, ambao leo umo ndani ya Cairo, akajenga na msikiti. Risiti na barua za siku zile ziliandikwa zaidi juu ya mafunjo. Kurani iliandikwa zaidi juu ya ngozi za wanyama zilizokwanguliwa vizuri.

Sasa tazama shida ya mtaalamu. Walionakili misahafu ya kwanza hawakuandika mwaka. Basi atajuaje ni ya lini? Hutafuta andiko jingine lenye tarehe, akalinganisha miandiko. Katika Maktaba ya Taifa ya Austria, mjini Vienna, imo risiti ya mafunjo ya mwaka 22 wa Hijra, yaani 643, kwa Kiyunani na Kiarabu. Yasema kwamba Amiri Abdallah alipokea kondoo 65 kwa ajili ya watu wake. Ni habari ya kitoweo tu! Lakini yatuonyesha umbo la herufi za mwaka ule, na kwamba nukta za kutenganisha herufi zilikuwa zimekwisha kuanza kutumika.

Njia ya pili ni kupima kaboni iliyomo katika ngozi. Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilikuwa na kurasa mbili za Kurani zilizojalidiwa kwa makosa pamoja na kurasa za msahafu mwingine. Bibi Alba Fedeli alitambua kwamba mwandiko wake ni mbali. Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa ngozi hiyo yaelekea, kwa asilimia 95 hivi, kuwa ya mnyama aliyekufa kati ya 568 na 645. Mtume Muhammad alifariki mwaka 632. Kurasa nyingine 16 za msahafu uo huo ziko Paris.

Hapo, msomaji, usifanye haraka. Kipimo chataja mwaka aliokufa mnyama, si siku kalamu ilipogusa ngozi. Ndiyo maana wataalamu wengine, wakiutazama mwandiko na tahajia, waliona kwamba msahafu huo uliandikwa miaka mingi baadaye. Shahidi mmoja hatoshi: ngozi yataka kuulizwa, na mwandiko pia, na hata risiti ya kondoo.

Kumbuka tena kwamba mchanga mkavu wa Misri ndio ulioitunza risiti ile. Pwani ya ziwa letu haina mchanga wa namna hiyo. Tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wenye maduka, mahakimu, waalimu wa chuoni na wazee wa misikiti wameandika barua, hesabu na hati za ndoa. Nazo zina adui wawili, unyevu na mchwa. Mwandishi wa risiti ya Amiri Abdallah hakujua kwamba anawaandikia wanahistoria. Basi ukikuta sandukuni mwa babu yako karatasi iliyochakaa, yenye tarehe na jina, usiwashie moto jikoni. Ifunge, iweke pakavu, kisha umwonyeshe mwalimu wako. Maana hakuna ajuaye leo ni swali gani litakalojibiwa nayo kesho.