Kisangani: Vita vya Siku Sita na Njia Ndefu ya Kudai Fidia

Tarehe 5 mwezi wa Juni mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni yalianza kupigana ndani ya mji wa Kisangani. Hakuna hata moja lililokuwa la Kongo. Jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda, ambayo mwanzoni yaliingia nchini kama marafiki, yalirushiana mabombu juu ya vichwa vya raia kwa siku sita, hadi tarehe 10. Haikuwa mara ya kwanza: yalikuwa yamepigana hapa hapa mwezi wa Agosti 1999, na tena Mei 2000. Lakini mara hii ya tatu ndiyo iliyoacha jina ambalo kila mtu mjini analijua: vita vya siku sita.

Tarehe 16 Juni, siku sita tu baada ya mabombu kunyamaza, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1304. Ndani yake lilisema kwamba Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa fidia kwa watu waliokufa na mali iliyoharibiwa Kisangani. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa walitumwa kupima hasara. Walihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa, karibu 1,700 waliojeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomoka au kuharibika, mashule 69 yaliyopigwa, na watu 65,000 waliokimbilia misitu ya karibu.

Kwa hiyo deni lilitajwa mapema. Swali lililobaki ni hili: nani atakwenda kulidai, na kwa mlango gani?

Mlango uliopatikana ulikuwa La Haye, nchini Uholanzi, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile inayojulikana kama CIJ. Mahakama hiyo haisikilizi mama aliyepoteza mtoto, wala baba aliyebomolewa nyumba. Inasikiliza serikali peke yake. Kongo ilikuwa imeshaishitaki Uganda huko tangu Juni 1999, na damu ya Kisangani ikaongezwa katika kesi hiyo. Tarehe 19 Desemba 2005, mahakama ilisema wazi kwamba Uganda ilivunja sheria na inapaswa kulipa.

Kesi ya Rwanda iliishia mlangoni. Tarehe 3 Februari 2006, mahakama hiyo hiyo ilijibu kwamba haina uwezo wa kuihukumu, kwa sababu Rwanda haikuwa imekubali mamlaka yake. Haikusema Rwanda haina kosa. Ilisema tu haiwezi kuingia ndani ya shauri hilo. Ndiyo maana mjini hapa watu wanazungumza juu ya fidia ya Uganda, ijapokuwa waliopigana walikuwa wawili.

Baada ya 2005, serikali mbili ziliambiwa zipatane zenyewe juu ya kiasi. Miaka karibu kumi ikapita bila mapatano. Mwaka 2015 Kongo ikarudi La Haye, ikidai dola zaidi ya bilioni 11 kwa madhara yote ya vita katika nchi. Hapo ndipo karatasi zilipoanza kusema. Fomu nyingi za wahanga zilizopelekwa hazikuwa na cheti cha kifo, wala ushahidi mwingine wa kuzitegemeza. Tarehe 9 Februari 2022, mahakama ilikata kwa makadirio: dola milioni 325 kwa jumla. Milioni 225 kwa watu waliouawa na kudhurika, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa dhahabu, mbao na utajiri mwingine wa asili. Uganda iliamriwa kulipa milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano, kuanzia Septemba 2022.

Katika hukumu hiyo hakuna orodha ya majina. Kuna jumla tu. Jumla hiyo iliingia mikononi mwa serikali, na kazi ya kumtafuta mhanga mmoja mmoja ikaanza upya nyumbani. Mfuko wa kugawa fidia, FRIVAO, ulikuwa umeundwa Desemba 2019, na makao yake yakawekwa Kisangani.

Kuna njia nyingine, ambayo watu wa Afrika wameitumia Ulaya: watu wengi wenye jeraha moja wanajiunga na kumshitaki aliyewaumiza, katika mahakama ya nchi yake. Wazee wa Kenya waliofungwa na kuteswa wakati wa Mau Mau walifanya hivyo London. Mwaka 2009 wazee wachache walifungua kesi kwa jina lao, huku maelfu wakingoja nyuma. Serikali ya Uingereza ilisema muda umepita, lakini mwaka 2012 jaji aliruhusu kesi iendelee. Mwezi wa Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa watu 5,228. Idadi hiyo haikukadiriwa. Kila mmoja wao alikuwa na jina na habari yake iliyoandikwa.

Kundi la pili, watu zaidi ya 40,000, walikwenda London baadaye kwa malalamiko ya aina hiyo. Mwaka 2018 kesi yao ilitupwa. Wingi wao haukutosha: miaka mingi ilikuwa imepita, mashahidi wamekufa, karatasi hazionekani.

Wakongo nao wamepita njia hiyo, tena wakiwa wachache. Wanawake watano, waliozaliwa Kongo ya Wabelgiji na mama Waafrika na baba wazungu, walinyang'anywa mama zao wakiwa watoto wadogo na kupelekwa misheni. Waliishitaki serikali ya Ubelgiji. Walishindwa mwaka 2021, wakakata rufaa, na tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikasema kitendo hicho ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, na uhalifu wa namna hiyo hauozi kwa muda. Kila mmoja alipewa euro 50,000.

Siku hizi Umoja wa Ulaya una sheria yake ya mashtaka ya pamoja, iliyopitishwa mwaka 2020 na kuanza kutumika Juni 2023. Inaruhusu shirika lililokubaliwa kudai fidia kwa niaba ya watu wengi, hata kupita mipaka ya nchi. Lakini inalinda wanunuzi wa bidhaa na huduma. Haikutengenezwa kwa wahanga wa vita. Na anayeishi nje ya nchi yenye kesi ya fidia hahesabiwi kwa kimya chake. Ni lazima aseme mwenyewe kwamba anataka kuwamo.

Kisangani njia ya majina imekuwa ya mwisho badala ya ya kwanza, na fedha zikafika kabla orodha haijakamilika. Hatari yake ilionekana Septemba 2025, pale mahakama ya juu Kinshasa ilipomhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka mitatu ya kazi za sulubu kwa karibu dola milioni 19 za ujenzi wa gereza Kisangani, fedha ambazo zilihusishwa na fidia ya wahanga. Yeye alikana mashtaka hayo. Malipo ya mwisho ya Uganda yalipangiwa Septemba 2026.

Mtoto aliyebebwa mgongoni kwenda msituni mwaka 2000 sasa ni mtu mzima, na mara nyingi mzee aliyeona nyumba ikianguka hayupo tena wa kumshuhudia. Familia zilizokimbia vijiji vya Tshopo katika miaka ya karibuni, na sasa zinaishi kwa jamaa mjini, ziko mahali alipokuwa huyo mama wa mwaka 2000. Jina la aliyekufa, siku, kijiji, nyumba, jirani aliyeona: mambo hayo matano yakiandikwa leo kwenye daftari la shule, hakuna jaji wa kesho atakayelazimika kuyakadiria.