Bahili Aliyedai Bei ya Harufu

Tajiri amechinja mbuzi. Maskini mmoja anapita na wali wake mkavu, anajibanza ukutani, anakula kwa kusindikizia harufu ya mchuzi. Kesho yake anakwenda kumshukuru mwenye nyumba. Tajiri anang'aka: kumbe ndiyo maana jana chakula changu kilikosa ladha! Anamshtaki, anadai fidia. Abunuwasi anamtetea maskini: anatoa sarafu, anazimwaga sakafuni zikalia, kisha anamwuliza mdai, “Umesikia?” Akajibu amesikia. Basi amekwisha lipwa: aliyekula harufu hulipa mlio.

Ni miongoni mwa visa vya Abunuwasi, ambaye hekaya zake zilitolewa kitabuni kwa Kiswahili na Macmillan wa London mwaka 1915. Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mshairi wa Baghdad, akafariki mapema katika karne ya 9. Karne hiyohiyo mwandishi al-Jahiz wa Basra aliandika kitabu kizima juu ya mabahili, na mabahili wake hawaoni haya. Wanautetea ubahili kwa hoja, kama mawakili. Hapo ndipo penye utamu. Mtu anayejifungia ndani ale peke yake ni mchoyo tu, hachekeshi sana. Anayechekesha ni yule anayekuja barazani na madai yaliyonyooka, kisha hoja yake mwenyewe ikamnasa.

Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa mahali pa kisa kama hiki. Wapelelezi Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliukuta tayari mji wa wafanyabiashara, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Mwendo huo wa zaidi ya kilomita 1,000 ulikuwa na kambi nyingi za usiku, na kambini watu husimuliana. Wala msimulizi wa hapa hahitaji mbuzi wa Baghdad. Jioni samaki wa ziwani, mgebuka, akiungwa kwa mawese, jirani wa nyumba ya tatu anajua unakula nini.

Reli ikafika Kigoma, jirani na Ujiji, mwaka 1914, na baadaye kicheko kikaja kwa karatasi. Tangu 1967 Christian Gregory alimchora mhusika wa katuni, Chakubanga, katika gazeti la Uhuru. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nico ye Mbajo wakaanzisha jarida la katuni, Sani, ambamo Philip Ndunguru alichora kwa kipaji cha ajabu hadi alipofariki kijana mwaka 1986. Marekani walikuwa na bata wao bahili, Scrooge McDuck, aliyebuniwa na Carl Barks mwaka 1947, naye alipewa vichekesho vya ukurasa mmoja. Kanuni ni ileile ya barazani: picha ya kwanza dai, za katikati ubishi, ya mwisho sarafu zinalia. Mchoraji akiongeza picha moja ya kufafanua, ameua kisa.

Kinachoniuma ni hatima ya karatasi zenyewe. Katuni zilizosomwa na ukoo mzima hadi kurasa zikalegea ziliishia kufungia karanga na vitumbua. Ujiji tuna makumbusho yanayowakumbuka Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871. Kabati moja humo litengwe kwa Abunuwasi, Chakubanga na Sani, na wazee wanaovijua visa hivi kwa mdomo warekodiwe mwaka huu.