Nafasi badala ya Kiasi: Historia Fupi ya Majaribio ya Takwimu Yasiyo ya Kiparameta

Mwalimu asahihishaye insha ajua kwamba insha yenye alama 70 ni bora kuliko yenye 60. Hawezi, hata hivyo, kuapa kwamba tofauti hiyo ni sawa na ile iliyopo kati ya 50 na 40. Hapo ndipo linapoanzia swali la kuchagua jaribio la takwimu, na historia yatusaidia kulijibu.

Mwaka 1710 John Arbuthnot, tabibu wa Malkia Anne wa Uingereza, alichunguza orodha za ubatizo za London za miaka 82. Kila mwaka wavulana waliwazidi wasichana. Katika hoja yake hakutegemea kiasi walichozidi. Alihesabu miaka tu, akaonyesha kwamba bahati pekee haingeweza kuleta mfululizo huo.

Mwaka 1908 William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness, alitoa msingi wa jaribio la t kwa jina la Student. Jaribio hilo lilijengwa juu ya sharti kwamba vipimo vimetawanyika kwa umbo la kengele. Aghalabu watumiaji wakalisahau sharti, wakakumbuka hesabu. Mwaka 1945 Frank Wilcoxon, mkemia wa Marekani, alipendekeza vipimo vipangwe toka kidogo hadi kikubwa, kisha nafasi zao zijumlishwe. Mann na Whitney waliiendeleza njia hiyo mwaka 1947.

Yamkini msomaji atauliza: je, kuacha kiasi na kushika nafasi si hasara? Mwaka 1956 Hodges na Lehmann walithibitisha kwamba, katika sampuli kubwa ambapo makundi mawili yatofautiana kwa kiwango tu, ufanisi wa jaribio la Wilcoxon haushuki chini ya asilimia 86.4 ya ule wa t. Penye umbo la kengele hukaribia asilimia 95.5, penye vipimo vichache vilivyo mbali mno na vingine, huweza kulipita.

Basi, alama zikiwa ni daraja tu, au sampuli ikiwa ndogo na imeelemea upande mmoja, nafasi zatufaa. Lakini nafasi hazimwokoi mtafiti aliyechagua wanafunzi kwa upendeleo, wala aliyepokea insha zilizonakiliwa. Zaidi ya yote, hapana budi uamuzi utangulie matokeo: atafutaye jaribio baada ya kuliona jibu, hajajaribu kitu.